Madirisha Yaliyozibwa kwa Tofali

Ndugu zangu wa Dunda hapa Bagamoyo, na nyinyi wa Kiwangwa na Fukayosi mnaokuja mjini kwa shughuli zenu, nipeni masikio. Kisa hiki ni cha nyumba moja tu, lakini kila nikikitafakari naona kinaweza kupiga hodi popote. Asiyetaka kusikia na azibe masikio yake, mradi pua aiache wazi. Kwa nini nasema hivyo, mtajua mbele ya safari.

Nyumba yenyewe ni ya Bi Mwaija na mumewe, Fundi Mwinyijuma. Mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ulikuwa umeingia na nyumba nzima inanukia liwa na asumini, kwani binti yao Adila alikuwa ameposwa na harusi imewekwa mfungo pili. Ukumbini wanawake walijaa: huyu anapepeta mchele, yule anapima kanga za sare, wote wanasema kwa pamoja na hakuna anayemsikiliza mwenziwe. Katikati yao yumo Bi Mwaija, mwanamke wa kicheko, asiyejua kukuna nazi bila kuimba. Alifurahi mpaka majirani wakamtania kwamba anayeolewa ni yeye.

Bwana harusi hakutoka mbali. Alikuwa Msabaha, kijana aliyejifunza kuchonga nakshi mikononi mwa Mwinyijuma mwenyewe. Kila alipokuja kula mchana, Bi Mwaija hakumwacha salama.

"Mwizi wa ndani huyo!" alimwambia mbele ya wanawake wote. "Tulikukaribisha karakanani, wewe ukanyoosha mguu mpaka sebuleni."

"Mama, si mlisema nijione niko kwetu?" Msabaha akajibu, na ukumbi ukaangua kicheko.

Karakana hiyo ilikuwa chumba katika ua wa nyuma. Humo ndimo ilimochongwa milango ya mninga na mvule ambayo watu wa Unguja na Dar es Salaam waliifuata kwa magari. Lakini usingeona inavyochongwa, hata ungekuwa nani. Mwinyijuma alikuwa na kauli yake: "Mlango ni bibi harusi. Hauonwi kabla ya siku yake."

Aliogopa kijicho, na hofu hiyo ilikuwa na asili. Baba yake, marehemu Mzee Dadi, fundi aliyesifika pwani nzima, alikufa kwa maradhi mabaya. Pua iliziba, shavu likavimba, jicho likasukumwa likatoka mahali pake. Wenye midomo wakasema ni macho ya watu, kazi yake ilitazamwa mno. Mzee Dadi alikuwa na desturi ya kufunga madirisha ya karakana kila alipopiga msasa, ili wapita njia wasichungulie. Mwanawe akaona kufunga hakutoshi. Baada ya matanga kuondoka, akayaziba kwa tofali na saruji.

Sasa jamani, hebu fikirini. Zamani msasa ulikuwa wa mkono. Siku hizi ni mashine ya umeme, inanguruma kutwa, inatoa unga laini kuliko wa ngano, na chumba hakina pa kupumulia ila mlango mmoja uliotiwa komeo. Mwinyijuma na Msabaha walitoka humo kope nyekundu, ndevu nyekundu, na Bi Mwaija akawakung'uta kwa kanga huku akicheka.

"Umetia hina kabla ya binti yako?"

"Vumbi la mninga ni dawa, Mama Adila," Mwinyijuma akajibu. "Babu zetu wamekulia humo humo."

Asubuhi moja Bi Mwaija alikuwa jikoni anapika mchuzi wa nazi, na mumewe kaketi kando ya jiko anakunywa chai. Akaitwa ukumbini kuamua ugomvi wa rangi ya sare. Aliporudi, mchuzi umeshika chini ya sufuria, harufu ya kuungua imefika mpaka njiani, na Mwinyijuma bado kaketi, anapuliza chai yake kwa raha zake.

"We Baba Adila! Nazi inaungua ubavuni pako, husikii harufu?"

"Harufu gani?" akauliza.

Bi Mwaija alidhani ni utani, akacheka. Lakini alasiri ya siku hiyo fundi cherehani akaleta kanzu ya harusi. Mwinyijuma akaivaa, akazunguka mbele ya wanawake kama kijana, nao wakampigia vigelegele. Mara tone la damu likadondoka kifuani, juu ya kanzu mpya, likafuatwa na jingine. Yalitoka pua ya kushoto.

"Joto hilo," akasema, akajifuta upesi akaingia chumbani.

Bi Mwaija akamfuata, akafunga mlango. Hakumwachia mpaka alipotoboa siri: pua upande huo imeziba tangu Rajabu, damu inakuja na kwenda, na harufu hasikii tena, si ya ubani wala ya samaki. Moyo ukamlipuka Bi Mwaija. Yeye ndiye aliyemuuguza mkwewe, Mzee Dadi. Aliyaosha mashavu yale kwa maji ya uvuguvugu mpaka siku ya mwisho, na alikumbuka kwamba maradhi yale nayo yalianza hivi hivi, kwa pua iliyoziba upande mmoja. Aliogopa, ndugu zangu, aliogopa mno.

"Twende hospitali kesho," akasema.

"Baada ya harusi. Na usimwambie mtu! Watu wakijua, watasema kijicho kimerithiwa, na Msabaha atamwogopa binti yetu."

"Harusi inangoja. Pua haingoji."

"Mwaija, nimesema."

Alipomwita kwa jina lake, Bi Mwaija alijua mjadala umefungwa. Akarudi ukumbini, akakalia mbuzi ya kukunia, akakuna nazi. Kuimba hakuimba.

Haikupita wiki, likapita gari la matangazo mtaani: daktari kutoka Dar es Salaam atazungumza na mafundi na wachuuzi katika ukumbi wa mtaa. Daktari mwenyewe alikuwa Nawal, mjukuu wa marehemu Muhanna, yule aliyekuwa na duka la bawaba na misumari na aliyemuuzia Mzee Dadi miaka yote. Kutokwenda kumsikiliza mjukuu wa Muhanna ingekuwa utovu wa adabu, na Bi Mwaija alilijua hilo vizuri. Akamwambia mumewe hivyo hivyo, naye akakosa pa kutokea. Wakaenda, na Msabaha nyuma yao.

"Shikamooni wazee wangu," Nawal akaanza.

"Marahaba mwanangu! Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillahi, wanawasalimu. Wazee wangu, nimepewa kazi ngumu. Natafuta kukadiria: katika saratani zote zinazotuumiza pwani hii, ni kiasi gani kimeletwa na kazi tunazofanya?"

Mpishi mmoja wa harusi, Mzee Mikdad, akadakia kutoka nyuma. "Utajuaje, daktari? Saratani haiji na barua ya utambulisho."

Nawal akacheka. "Babu, wewe umepika harusi nyingi. Watu wanaojaa uani wote wamealikwa?"

"Thubutu! Nusu wameletwa na harufu ya pilau."

"Ukimshika mmoja ukamuuliza?"

"Atakuapia kaalikwa, tena na bibi harusi mwenyewe!"

Ukumbi mzima ukacheka, na baadhi ya watu wakatazama chini.

"Basi mmoja mmoja humjui," Nawal akasema. "Lakini chukua harusi nyingi zilizopikwa hapa hapa mtaani, na nyingine nyingi ambazo chakula kilipikwa mbali kikaletwa kimefunikwa. Ukiona za mtaani kila mara zinajaa zaidi, ile ziada imeletwa na harufu. Mimi nami nafanya vivyo hivyo. Nawalinganisha waliovuta vumbi kazini na wasiovuta, natazama ziada. Mgonjwa mmoja siwezi kumwapia kwamba ni kazi iliyomwumiza. Watu wengi kwa pamoja, naweza kukadiria."

Kisha akaendelea. Kwingine duniani, alisema, walikwisha kuthibitisha kwamba vumbi la mbao linaleta saratani ya pua. Lakini hapa Bagamoyo, mji wa milango, kila anapomuuliza mgonjwa au mfiwa anajibiwa kitu kimoja: alikuwa mkulima. "Seremala haumwi, mchoma chokaa haumwi, mkausha samaki kwa moshi haumwi. Wanaumwa wakulima peke yao! Hesabu yangu inakaribia sifuri, wazee wangu, na sifuri hailetewi msaada na mtu yeyote. Hebu nianze upya na nyinyi. Kila mmoja aniambie kazi yake."

Akaanza mstari wa mbele. Wa kwanza, mkulima. Wa pili, mkulima. Ikamfikia Mwinyijuma, vumbi jekundu bado limo kwenye kofia yake.

"Mkulima," akasema.

"Mkulima," akasema na Msabaha baada yake.

Msimcheke Mwinyijuma, kwa maana nanyi mnafanya hivyo hivyo. Kwetu mtu akiulizwa kazi anataja shamba la baba yake, hata kama mara ya mwisho alilikanyaga siku ya kugawana mirathi. Jembe ndilo kazi. Nakshi ni kipaji, ni urithi, na urithi nani amesema unaua? Mwinyijuma hakudanganya kwa makusudi. Alijibu kama alivyofundishwa.

Bi Mwaija alimtazama mumewe, kisha akamtazama Msabaha. Aliona vumbi lile lile kwenye kope za kijana, jibu lile lile kinywani mwake. Akamwona Adila wake, miaka ijayo, amekaa kando ya kitanda na bakuli la maji ya uvuguvugu. Akasimama.

"Mkulima gani, Baba Adila? Shamba lenu la Kiwangwa ukipelekwa leo utauliza njia! Na wewe Msabaha, nanasi unalijua likiwa sahanini!"

Watu wakacheka mpaka wengine wakagonga viti. Lakini yeye hakucheka. "Daktari mwanangu, hawa ni maseremala. Wanapiga msasa katika chumba kilichozibwa madirisha. Na huyu mume wangu anatoka damu puani, na nazi ikiungua ubavuni pake hasikii."

Vichwa vyote vikamgeukia Mwinyijuma.

Mwinyijuma akatoka nje kwa haraka na kiatu kimoja tu mguuni. Bi Mwaija alipomfikia, akamgeukia kwa hasira. "Umeniumbua mbele ya mji mzima!"

"Nimekuumbua, ndiyo. Nitakuomba radhi ukiwa mzima."

Nawal naye akatoka, mkononi ameshika kile kiatu kilichosahauliwa. Akakiweka chini mbele ya mzee kwa heshima.

"Baba, samahani. Marehemu Mzee Dadi alikuwa na kazi gani?"

"Unaniuliza mimi?" Mwinyijuma akafoka. "Babu yako mwenyewe angekujibu! Alikuwa fundi mkuu wa nakshi. Milango yake iko Lamu, iko Maskati!"

"Na hospitali walipouliza, walijibiwa nini?"

Ni Mwinyijuma aliyemsindikiza baba yake siku ile. Ni yeye aliyejibu.

"Mkulima," akasema taratibu.

"Basi katika hesabu za dunia, Mzee Dadi hakuwahi kushika patasi," Nawal akasema. "Hakuna aliyejua kwamba fundi mkuu wa nakshi aliumwa pua. Kwa hiyo hakuna aliyekuja kukuonya wewe."

Yule mzee alikuwa na kiburi cha kazi yake kuliko cha kitu kingine chochote. Neno lile lilimwingia. Akavaa kiatu.

"Mama Adila," akasema, "hiyo kesho uliyoitaka, bado ipo?"

Wakaenda. Dar es Salaam walimwingiza kamera puani, wakakata kipande, wakapima. Ilikuwa saratani, ndugu zangu, siwafichi. Ilikuwa imejibanza ndani ya pua, haijafika jichoni. Daktari wa upasuaji aliwaambia kwamba wangengoja zaidi, asingekuwa na maneno mazuri ya kuwapa. Wakamfanyia upasuaji, kisha akaanza kwenda kupigwa mionzi.

Harusi ikasogezwa mpaka mfungo sita. Msidhani nyumba ilikuwa ya huzuni. Mashoga wa Bi Mwaija, wale wanawake wa ukumbini, walipokezana kuja kumpikia na kumchekesha. Mzee Mikdad alisafiri mpaka Dar es Salaam na chombo cha pilau, akaambiwa mgonjwa hasikii harufu, akasema, "Afadhali! Ni mgeni wa kwanza aliyekuja kwa kualikwa." Mwinyijuma alicheka mpaka wauguzi wakaja kumtuliza. Na Msabaha, aliyedhaniwa atakimbia, alikuwa kila wiki pale kitandani, akimpasha mkwewe habari za milango.

Habari hizo ndizo zilizomnyima Bi Mwaija usingizi. Kijana alikuwa bado anafanya kazi ndani ya chumba kile kile. Alimwambia mumewe afungue madirisha, akajibu, "Nitafikiri." Akamwambia tena, akajibu, "Macho ya watu, Mama Adila, huyajui." Ukaidi wa urithi una mizizi. Pua yake ilipona kabla ya hofu yake.

Ikafika siku ya nikahi. Wanaume walijaa uani chini ya turubai, kipaza sauti mbele ya sheikh. Ndani chumbani, Adila kaketi amefunikwa ushungi, harufu ya udi imejaa, na Bi Mwaija kando yake. Mwinyijuma, akiwa walii, yaani mwenye haki ya kumwozesha, akaingia kumuuliza binti yake kama alivyotakiwa kisheria. Alikuwa amekonda, kanzu inampwaya, lakini uso unang'aa.

"Mwanangu, umeridhia nikuoze kwa Msabaha?"

"Nimeridhia, baba."

"Na mahari yako?"

Kila mtu alijua jibu. Msahafu na cherehani, ndivyo walivyokubaliana. Adila akainua ushungi kidogo.

"Msahafu, baba. Cherehani nimeiacha. Badala yake nataka karakana ifunguliwe madirisha yake, na Msabaha asipige msasa ndani ya chumba, wala bila barakoa ya kifundi, maadamu mimi ni mkewe."

Wanawake wakatazamana. Bi Mwaija mwenyewe alikuwa hana habari. Binti alikuwa amelipanga peke yake.

"Adila!" Mwinyijuma akasema kwa sauti ya chini. "Na macho ya watu je?"

"Baba, macho ya watu yamekutazama miezi yote hii. Yamekuja hospitali, yamekuombea dua, yamekuletea chakula. Jicho gani limekudhuru?"

Bi Mwaija alishika mkono wa binti yake na kuuminya mpaka bangili zikalia. Kisha mzee akageuka, akatoka.

Wanawake wakabanana nyuma ya pazia kusikiliza. Zikasomwa hotuba na dua. Halafu ikasikika sauti ya Mwinyijuma kwenye kipaza sauti, nzito, imebadilika kidogo tangu upasuaji, lakini haikuyumba.

"Nimekuoza binti yangu Adila kwa mahari ya msahafu, na madirisha ya karakana yangu yafunguliwe, na usipige msasa ndani wala bila barakoa."

Minong'ono ikazuka. Sheikh akatabasamu. "Mahari ni haki ya mwanamke na yeye ndiye anayejua kinachomfaa. Bwana harusi, unakubali? Na utalipa taslimu au utaahirisha?"

"Nimekubali," Msabaha akasema. "Na ninalipa taslimu."

Akasimama na kanzu yake na joho lake, akauliza nyundo iko wapi. Watu walidhani mzaha. Lakini Mwinyijuma mwenyewe akaenda kuitoa nyundo kubwa, akamkabidhi mkwewe mkononi. Wanaume wakafuata, na wanawake wakasahau pazia, wakatoka na kanga zao.

Pigo la kwanza, saruji ikachubuka. Pigo la tatu, tofali likaangukia ndani, na jua la alasiri likaingia mahali lisipoingia tangu matanga ya Mzee Dadi. Vigelegele vikapanda, Bi Mwaija akiongoza. Kisha vikakatika.

Kila mtu aliliona. Ndani ya ule mwanga kulikuwa na vumbi jekundu, zito, limesimama hewani, halitui, limejaa chumba kizima kutoka sakafuni mpaka dari. Maseremala wa mtaa waliokuwa mbele wakarudi nyuma, wakaziba pua zao kwa mikono. Mwinyijuma hakuziba.

"Baba yangu alikuwa seremala," akasema kwa nguvu, wote wakasikia. "Na mimi ni seremala. Msabaha, vunja na la pili, lakini kwanza funika pua."

Bi Mwaija akalia kwa furaha bila kujificha, na vigelegele vikaanza upya.

Funzo

Wenzangu, kazi haiui mtu kwa sababu ni kazi. Inaua pale tunapoifungia gizani na kukataa kuitaja. Wazee wetu walisema mficha uchi hazai, nami naongeza kwamba mficha kazi hatibiwi vizuri. Ukiulizwa hospitali unafanya nini, au marehemu wako alifanya nini, taja kazi iliyokula mikono yenu miaka yote. Kama una shamba, litaje baadaye. Wanaokadiria maradhi haya hawana macho mengine ila majibu yetu, na tukiwapa uongo wa adabu, watoto wetu ndio watakaoulipa.

Fundi, piga msasa nje, upepo ukiwa mgongoni mwako. Vaa barakoa ya kifundi, kwa maana kipande cha kanga hakizuii unga ule. Vumbi lililotua limwagie maji kabla ya kufagia. Pua ikiziba upande mmoja na haifunguki, au ikitoka damu mara kwa mara, usingoje harusi ya mtu. Na nyinyi wake zao, ikibidi kumwumbua mume mbele ya mji ili aishi, mwumbueni. Mtaombana radhi baadaye, nyote mkiwa hai.